Kumwomba Radhi Sisimizi

Kuna sala fupi ambayo Wajaini wengi, wafuasi wa dini ya kale ya India iitwayo Ujaini, huisoma kabla ya kuanza ibada zao. Haimsifu muumba wala haiombi riziki. Ni orodha ya makosa ya miguu. Anayeisoma anakiri kwamba katika kwenda na kurudi kwake amekanyaga viumbe, amekanyaga mbegu, amekanyaga majani mabichi, umande, vishimo vya wadudu, kuvu, maji, udongo na utando wa buibui. Anawataja aliowaudhi kwa hesabu ya milango yao ya fahamu, kuanzia wenye mmoja hadi wenye mitano. Kisha anataja aliyowafanyia, moja baada ya jingine: nimewapiga teke, nimewafukia kwa vumbi, nimewasugua chini, nimewagonganisha, nimewagusa wakaumia, nimewatesa, nimewachosha, nimewatia hofu, nimewatoa mahali pao nikawapeleka pengine, nimewatoa uhai. Sala hufungwa kwa maneno ya Kiprakriti, lugha ya kale ya India, michchhami dukkadam: ubaya huo nilioutenda na ufutike.

Hapo penye "nimewatoa mahali pao" ndipo ninaposimama kila mara. Kumuua mdudu, naelewa mtu akiungama. Lakini kumwondoa tu pale alipokuwa? Aliyeitunga sala hii alikwishafikiri kwamba sisimizi naye ana kwao.

Sala yenyewe huitwa Iriyavahiyam, na nimeijua kwa sababu ya kazi. Kwa miaka mingi nimeshika vitabu vya hesabu katika duka la jumla la familia ya Kijaini hapa Mombasa. Mama mzazi wa tajiri wangu, ambaye duka zima kuanzia mahamali hadi wateja humwita Ba, ana meza yake karibu na yangu, na mchana wateja wakipungua hunieleza mambo ya dini yake kwa Kiswahili chake cha Mombasa. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Mji wa Kale, na sina haja ya kuhama nilipo. Yeye naye hajawahi kunivuta. Ninaandika kwa sababu tumeishi na watu hawa zaidi ya karne moja, tumenunua kwao leso na sukari, na bado wengi wetu tunawatia wote katika fungu moja la Wahindi, tukimalizia na ile methali ya Baniani na kiatu chake. Wanachokiamini hatujawauliza.

Kwa Mjaini, kila chenye uhai kina roho, wao huiita jiva, na roho zote kwa asili yake ni sawa, ya mfalme, ya ng'ombe na ya kiazi. Kila moja ina ujuzi usio na mpaka na raha isiyo na mpaka, ila imefunikwa. Kinachotofautiana ni mwili ilimo. Udongo, maji, moto, upepo na mimea wana mlango mmoja wa fahamu, kugusa. Nyungunyungu ana miwili, anagusa na kuonja. Sisimizi anaongeza kunusa. Nzi na nyuki wanaongeza kuona. Binadamu, ndege, samaki na wanyama wanayo yote mitano. Roho hizi hazikuumbwa na mtu, na ulimwengu nao haukuumbwa: ulikuwapo, upo, na utakuwapo, ukipanda na kushuka kwa zama ndefu zisizohesabika.

Kwa aliyelelewa msikitini au kanisani, hapa ndipo penye mlima. Hakuna muumba, hakuna hakimu, hakuna wa kupokea toba. Mahekalu wanayo, na sanamu, na ubani, na nyimbo za alfajiri, lakini anayeinamiwa ni binadamu aliyejishinda mwenyewe. Wanawahesabu 24 katika zama hizi, wanawaita Tirthankara, wa kwanza Rishabha na wa mwisho Mahavira. Hao wamekwisha kuachana na dunia, wako juu kabisa ya ulimwengu, na hawasikii dua ya mtu. Hata Namokar, sala kubwa kuliko zote ambayo mtoto wa Kijaini hufundishwa kabla ya kusoma na kuandika, haimtaji yeyote kwa jina. Inawainamia waliojishinda, waliofunguka, viongozi wa watawa, walimu wa maandiko, na watawa wote popote walipo. Mahavira mwenyewe hayumo kwa jina lake.

Neno karma siku hizi limezagaa mitandaoni kwa maana ya "utalipwa tu". Wajaini wana maana yao, tena ya kushikika. Kwao karma ni chembe halisi, nyembamba kupita kuonekana, zilizojaa kila mahali. Roho ikitikiswa na hasira, kiburi, hila au tamaa huwa kama nguo yenye mafuta iliyoanikwa penye vumbi: vumbi lilikuwapo siku zote, mafuta ndiyo yanayolinasa. Likishaganda, huifanya roho kuwa nzito, ikazaliwa tena na tena, leo mtu, kesho mdudu. Basi kuna kazi mbili. Kuzuia vumbi jipya lisiingie, na hiyo hufanywa kwa nadhiri na uangalifu. Kulipangusa la zamani, na hiyo hufanywa kwa kufunga na kujinyima. Hakuna wa kukufanyia hata moja kati ya hizo.

Sisi tunafundishwa tangu chuoni kwamba dhambi ni za namna mbili. Iko haki ya Mwenyezi Mungu, ambayo mja akitubu kwa dhati Mola wake humsamehe. Na iko haki ya mja, ambayo haifutiki mpaka umwendee uliyemdhulumu, umrudishie chake au umtake radhi. Nimelifikiri sana jambo hili na naona Ujaini ni dini ambamo haki zote ni za waja. Hakuna pa kuzipeleka ila kwa mwenyewe uliyemuumiza, na hao waja wamepanuliwa mpaka wakamfikia mdudu.

Utaliona hilo siku ya Samvatsari. Ndiyo siku ya mwisho ya Paryushan, siku nane za kufunga na kusikiliza maandiko ambazo kwa Washvetambara, mojawapo ya madhehebu yao mawili, huangukia Agosti au Septemba. Madhehebu ya pili, Wadigambara, wana zao kumi zinazofuatia. Jioni ya Samvatsari hukaa kwenye pratikraman ndefu, ibada ya kurudi nyuma na kuyapitia makosa ya mwaka mzima, wakiwa juu ya vijamvi vya sufu, na ndani yake husema: nawasamehe viumbe wote, viumbe wote na wanisamehe, nina urafiki na wote, sina uadui na yeyote.

Kesho yake dukani tajiri wangu huanzia mlangoni. Anamwendea mlinzi, mahamali, dereva, msichana wa keshia, anakutanisha viganja na kusema, "Kama nimekuudhi kwa moyo, kwa maneno au kwa kitendo, najua au sijui, nisamehe." Mahamali wetu wakubwa kwa wadogo hujibu bila kusita, "Tumesameheana, tajiri," kwa sababu nao wana desturi ya kutakana radhi kabla ya Ramadhani. Siku hizo simu hujaa ujumbe wa kunakiliwa, kwao kama kwetu, na Ba haupendi. Anasema radhi inayotumwa kwa watu mia mbili haimfikii yule mmoja uliyegombana naye. Nimemsikia akimpigia simu wifi yake aliye Jamnagar, India, mtu ambaye hawakuelewana kwa jambo la urithi. Mazungumzo yalikuwa mafupi, kwa Kigujarati, na baadaye alikaa kimya akipanga risiti ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Hadithi anayoipenda juu ya jambo hili inatoka katika Upasakadasha, andiko linalosimulia maisha ya waumini kumi wa kawaida wa zama za Mahavira. Mmoja wao ni Ananda, tajiri wa mji wa Vanijyagrama. Uzeeni alimwachia mwanawe mkubwa mali, akajitenga katika nyumba ya ibada, akafunga mpaka mwili ukabaki mifupa. Gautama, mwanafunzi mkubwa kuliko wote wa Mahavira, akapita kumjulia hali. Ananda akamwambia kwamba amejaliwa kuona mambo ya mbali sana bila kutumia macho. Gautama akasema mtu wa nyumbani hawezi kufika kiwango hicho, akamtaka atubu kwa kusema maneno yale. Ananda akamuuliza kwa adabu: je, mtu hutubu kwa kusema kweli? Gautama akasema hapana. Basi wa kutubu ni wewe, akasema Ananda. Gautama akarudi na shaka moyoni, akamuuliza Mahavira ni nani kati yao mwenye kosa. Mahavira akamjibu kwamba Ananda amesema kweli, nenda kamwombe radhi. Na yule mtawa mkuu, ambaye wafalme walimwinamia, akageuka akarudi njia ile ile kwa miguu mpaka kwa mzee wa kawaida aliyelala chini, akamtaka radhi. Ba huisimulia hiyo safari ya kurudi polepole kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mahavira mwenyewe, kwa hesabu ya jadi, alizaliwa mwaka 599 kabla ya Kristo karibu na Vaishali, katika jimbo la Bihar la leo, mtoto wa ukoo wa watawala. Kalpa Sutra, kitabu cha Washvetambara kinachosomwa hadharani siku za Paryushan, kina kisa cha kabla hajazaliwa. Akiwa tumboni aliamua kutulia tuli ili asimuumize mama yake, Trishala. Mama hakuhisi tena mtoto akicheza, akajua amekufa, nyumba nzima ikaingia kilio. Mtoto akatambua, akatikisa kiungo kidogo tu, furaha ikarudi. Hapo hapo akaweka nadhiri kwamba hataiacha dunia wazazi wake wakingali hai. Kwa mtu aliyekua akisikia habari za radhi za wazazi, kisa hiki hakihitaji mkalimani. Alipofika miaka 30 wazazi walikuwa wamefariki, akapata idhini ya kaka yake, akaondoka.

Kwa zaidi ya miaka 12 alizunguka akifunga na kunyamaza. Acharanga, mojawapo ya maandiko yao ya kale kabisa, inasimulia alivyopita nchi ya Ladha ambako wenyeji walimwachia mbwa wamng'ate naye hakuinua fimbo, na wadudu walivyomtambaa mwilini kwa miezi minne na ushei naye hakuwapangusa. Alipofikia ujuzi kamili alifundisha kwa miaka 30 hivi, akafa Pavapuri akiwa na miaka 72. Usiku huo ndio Wajaini wanaouadhimisha kila Diwali.

Katika kitabu kingine, Dashavaikalika, mwanafunzi anauliza: nitembeeje, nisimameje, niketije, nilaleje, nileje, nisemeje, nisije nikafungwa na dhambi? Jibu halina siri yoyote. Tembea kwa uangalifu, simama kwa uangalifu, keti kwa uangalifu, lala kwa uangalifu, kula na useme kwa uangalifu, na dhambi haitakufunga. Mimi naona humu ndimo ilimo dini nzima. Kutodhuru, ahimsa, watu hudhani ni upole wa tabia. Ba si mpole hata kidogo, na akikosea mtu hesabu ya magunia duka zima husikia. Ahimsa anayoishika ni kazi ya macho na mikono, saa baada ya saa: kufagia kabla ya kukaa, kuchunguza mchele kabla ya kuupika, kuchuja maji kwa kitambaa, kufunika taa wadudu wasiingie.

Watawa wameifikisha kazi hiyo mwisho wake. Wanashika nadhiri tano bila kupunguza: kutodhuru, kusema kweli, kutochukua ambacho hukupewa, useja, na kutomiliki kitu. Watawa wa Shvetambara huvaa nguo nyeupe na hutembea na ufagio wa nyuzi za sufu, na baadhi yao hufunga kitambaa mdomoni siku zote. Watawa wanaume wa Digambara hawavai kitu, wana ufagio wa manyoya ya tausi na kibuyu cha maji tu. Wote hung'oa nywele zao kwa mkono. Hutembea pekupeku, na msimu wa mvua, ardhi inapojaa wadudu na miche, hukaa mahali pamoja kwa miezi minne. Madhehebu haya mawili yanatofautiana pia juu ya wanawake. Wadigambara husema roho haiwezi kufunguka ikiwa katika mwili wa mwanamke. Washvetambara husema inaweza, na wanaamini Tirthankara wa 19, Malli, alikuwa mwanamke. Kwao watawa wanawake ni wengi kuliko wanaume. Ba akizungumzia hili huinua kidevu.

Kwa kuwa watawa huenda kwa miguu tu, hawapandi gari, meli wala ndege. Ukilifikiri hilo utaelewa jambo kubwa juu ya Wajaini wa huku kwetu. Wengi wao ni Waoshwali, waliokuwa wakulima wa vijiji 52 vya Halar, upande wa Jamnagar huko Gujarat. Ukame na njaa za mwisho wa karne ya 19 ziliwasukuma, wakapanda majahazi hadi Mombasa, kisha wakaifuata reli hadi Nairobi, Nakuru na Kisumu, na wengine wakaingia Thika na Nyeri. Vitabu walikuja navyo. Watawa hawakuweza kuwafuata. Basi dini ikabaki mikononi mwa watu wenye maduka na watoto, na zaidi ya yote mikononi mwa akina mama, waliozishika sala za Kiprakriti kwa moyo na kuwasomesha watoto jioni baada ya kufunga duka. Hekalu la Langoni, Mombasa, lenye kilele cha mawe kilichochongwa kama yale ya Gujarat, lilikuja kufunguliwa mwaka 1963. Na mwaka 1980 Acharya Tulsi, kiongozi wa Waterapanthi, tawi mojawapo la Washvetambara, aliunda India daraja jipya la watawa wanaoruhusiwa kupanda vyombo ili wawafikie Wajaini wa ng'ambo. Mpaka hapo familia nyingi zilikuwa zimekaa miongo kadhaa bila kumwona mtawa. Nadhani ndiyo maana Ba anajua mengi kiasi hiki. Hakuwa na wa kumwachia.

Jikoni kwake hakuna kitunguu maji, kitunguu saumu, viazi, karoti, figili wala tangawizi mbichi. Ukila embe au kunde, mti unabaki hai. Ukila kiazi umeung'oa mmea mzima, na juu ya hayo, kwa imani yao, kila mzizi wa namna hiyo ni makao ya roho zisizohesabika katika mwili mmoja. Nyama, mayai, pombe na asali havitajwi kabisa. Unaweza kudhani ni chakula cha wagonjwa, lakini sivyo. Mahali pa viazi hutia ndizi mbichi, na mahali pa kitunguu saumu hutia mvuje, ule ule ambao kwetu huvalishwa watoto wachanga kuwakinga. Kachori zake za pojo zikifika dukani, hesabu husimama.

Na hawali usiku. Jua likizama sufuria zimekwisha oshwa, kwa kuwa gizani huwezi kuona unachokiua, na taa huvuta wadudu chakulani. Basi mwezi wa Ramadhani duka letu huwa na mambo. Adhana ya magharibi ikilia, kwao mlango wa chakula unafungwa na kwetu ndio unafunguliwa. Ba hunihimiza niondoke mapema nikafuturu nyumbani, nami hutazama saa kwa ajili yake asije akachelewa kula.

Kufunga kwao kuna ngazi nyingi. Iko ya kula mara moja tu kwa siku. Iko ayambil, mlo mmoja wa nafaka na kunde zilizochemshwa, bila mafuta, samli, maziwa, sukari wala viungo. Iko upvas, ambapo hunywa maji yaliyochemshwa tu, tena mchana peke yake. Siku za Paryushan wapo wanaofunga hivyo siku zote nane mfululizo. Ba alipofanya hiyo, inaitwa athai, niliona sauti yake ikipungua siku hata siku na macho yakizidi kung'aa. Alikuja dukani nusu ya siku hizo. Watu walimpitia asubuhi kumuuliza hali na kumwinamia, kwa imani kwamba kumtunza anayefunga ni fungu la thawabu. Asubuhi ya kufungua, jamaa walipanga mstari na kila mmoja akamnywesha kijiko cha maji ya pojo. Nami nikapewa kijiko. Mkono wake ulinishika kifundo nilipokileta karibu, mwepesi na wa moto kidogo, na alinong'ona jina langu.

Ziko funga kubwa zaidi ya hiyo. Varshitap ni kufunga siku moja na kula siku moja kwa zaidi ya mwaka mzima, na hufunguliwa kwa maji ya miwa, kwa kumkumbuka Rishabha. Yeye alipoacha ufalme alizunguka zaidi ya mwaka bila kula kwa sababu watu hawakujua namna ya kumpa mtawa sadaka. Walimletea farasi na vito. Mwishowe mwanamfalme Shreyansa akampa maji ya miwa viganjani.

Siku za kawaida ibada ya Ba ni samayik: dakika 48 za kukaa mahali pamoja bila kazi, bila simu, bila kumchukia mtu, akivuta shanga. Kwa dakika hizo, ananiambia, mtu wa nyumbani ni sawa na mtawa.

Nadhiri ambayo watu wa duka wanaihangaikia zaidi ni ya tano, aparigraha, kutojilimbikizia. Mtawa anaacha vyote. Mtu wa kawaida anatakiwa ajiwekee kikomo. Wajaini wengi ni matajiri, sote tunajua, na swali la kikomo kiko wapi ni halali kuuliza. Ba halikwepi. Hunionyesha kwanza jinsi mali ilivyopatikana. Ipo orodha ya kale ya biashara 15 ambazo muumini asizifanye: kuchoma mkaa, kukata misitu, kuuza sumu, kuuza pombe, kukausha mabwawa, na nyinginezo. Mbili kati yake zilinishtua mimi mtu wa pwani hii. Moja ni biashara ya pembe za ndovu. Ya pili ni biashara ya viumbe wenye nywele, na wafafanuzi wa kale walieleza kwamba maana yake ni wanyama na watumwa. Najua tulichokipitisha bandarini kwetu kwa karne nyingi, na najua waliokigharimia na waliokinunua walitoka kila dini. Kuona kwamba palikuwa na watu ambao maandiko yao yalikwisha piga mstari mwekundu hapo hapo kumenipa heshima nayo, na huzuni pia.

Kisha ni jinsi mali inavyotoka. Meghji Pethraj Shah alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Dabasang, akafika Kenya mwaka 1919 akiwa kijana, akatajirika, kisha akayageuza mapato yake kuwa shule, maktaba na hospitali, huku na kwao Saurashtra. Hospitali ya Parklands, Nairobi, ina jina lake, na chuo cha udaktari cha Jamnagar pia. Hawakuishia kwa binadamu. Delhi, mkabala na Ngome Nyekundu, hekalu la Digambara lina hospitali ya ndege. Njiwa na kasuku hulazwa. Ndege wala nyama hutibiwa na kuachiwa waende, hawalazwi, kwa sababu wangehitaji kulishwa nyama.

Liko jambo moja ambalo bado ni zito kwangu, nalo ni sallekhana. Mjaini mzee, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anaweza kwa idhini ya wakubwa wake wa dini na wa nyumbani kuacha chakula kidogo kidogo, kisha maji, akingoja kifo kwa utulivu. Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Rajasthan iliamua kwamba huko ni kujiua. Wajaini waliandamana kwa maelfu bila kelele, na kabla ya mwezi kwisha Mahakama ya Juu ya India ikaisimamisha hukumu hiyo. Nimelelewa kuamini kwamba pumzi ni amana ya Mungu mpaka atakapoitwaa mwenyewe, na sikubaliani na Ba hapa. Nilimwambia. Hakukasirika. Alinieleza tofauti anayoiona yeye: anayejiua anaikimbia dunia kwa hasira au kwa uchungu, na huyu hana hasira wala haraka. Kisha akanipa kisa cha Jayanti, mwanamke wa Kaushambi aliyemuuliza Mahavira, kulala usingizi na kuwa macho, lipi bora? Mahavira akamjibu kwamba wako ambao ni bora walale, maana wakiamka huumiza wengine, na wako ambao ni bora wawe macho. Wajaini wana elimu nzima juu ya hili, anekantavada, kwamba jambo lina pande nyingi na kila asemaye ameshika upande. Ba hakunitaka nikubali. Alitaka niseme upande wangu umesimama wapi, nami nikasema, akasikiliza mpaka mwisho.

Sasa hivi zamu ya kuulizwa ni yake. Mjukuu wake anayesoma Uingereza alikuja likizo akakataa chai ya maziwa. Hoja yake si ngeni miongoni mwa vijana wa Kijaini: zamani ng'ombe alikuwa wa nyumbani na ndama alinyonya kwanza, lakini leo mashamba makubwa humzalisha ng'ombe bila kupumzika na ndama dume huishia machinjioni. Kama tunachunga hatua kwa ajili ya mdudu, samli inaingiaje hekaluni? Ba akasema sanamu zimeoshwa kwa maziwa tangu enzi za mababu. Binti akasema ayambil tangu enzi hizo hizo hailiwi na maziwa wala samli, kwa hiyo mababu walijua kuishi bila hivyo. Ba akasema hizo ni siku tisa tisa, mara mbili kwa mwaka. Binti akasema zinaweza kuwa kumi.

Ba hakujibu siku hiyo. Baadaye aliniita mezani kwake akaniomba nimtafutie habari: maziwa ya pakiti tunayoyauza dukani yanatoka wapi, na ndama wa huko wanafanywa nini. Nimepiga simu kadhaa. Nyumbani kwao chai ya jioni hupikwa kwa sufuria mbili, moja ya maziwa na moja ya tui la nazi, na binti amekwisha kuiandikia kamati ya hekalu lao huko Uingereza kuuliza juu ya maziwa ya kuoshea sanamu. Wanasubiri jibu.